Jim Reeves wa Baba

Kama mzazi wako ni Mkenya wa umri fulani, Jumapili za kwenu nazijua: chai ya maziwa, mandazi, na Jim Reeves kwenye kaseti. Kwetu hapa Johannesburg ilikuwa hivyo hivyo. Baba alianza kumsikia redioni akiwa mtoto kule Nakuru. Mimi nilidhani ni mwimbaji wa kanisani.

Kumbe ni Mmarekani wa Texas, kazaliwa 1923, akacheza besiboli, akawa mtangazaji wa redio, halafu 1953 wimbo wake "Mexican Joe" ukashika namba moja kwenye chati za country. Baadaye akaisogelea maikrofoni na kushusha sauti, kama mtu anayekunong'oneza kwenye simu. "Am I Losing You" alitunga mwenyewe, lakini "He'll Have to Go" ya 1959, iliyompeleka dunia nzima, waliiandika wengine. Nadhani wazee wetu walimpendea hiyo sauti: kila neno linasikika, hata kwa anayejifunza Kiingereza.

Sasa, hili Baba hakuwahi kuniambia. Reeves alizuru Afrika Kusini 1962, akarudi 1963 kuigiza kwenye filamu ya Kimberley Jim. Tena akarekodi nyimbo kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu! Julai hiyo hiyo ya 1963, polisi walivamia shamba la Liliesleaf, hapa hapa Rivonia. Juni 1964 Mandela na wenzake wakahukumiwa kifungo cha maisha. Reeves naye akafa tarehe 31 Julai 1964, ndege aliyokuwa akiiendesha ilipoanguka karibu na Nashville.

Nilipoikuta santuri yake ya Jy Is My Liefling kwenye duka la vitu vya mitumba, nilikasirika, aisee. Ni kama mjomba wangu alikuwa anakula kwa watu waliotufungia mlango. Nikampelekea Baba, nikitaka naye akasirike.

Akasikiliza "Ek Verlang Na Jou" mpaka mwisho, macho kafumba.

"Anasema nini huyu?"

Kiafrikana nilisoma shuleni. Nikamwambia, "Anasema, nimekukosa."

"Kukosa ni kutopata," akasema Baba. "Sema, nina hamu nawe." Kisha akaniomba niirudie.