Shamba la Upepo la Kipeto

Kipeto ni mradi wa umeme wa upepo katika Kaunti ya Kajiado, Kenya, wenye mitambo 60 na uwezo wa megawati 100, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2021. Anga yake hutumiwa na tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell, wote wakiwa hatarini kabisa kutoweka. Tumbusi arukapo huinamisha kichwa akitafuta mizoga, asione panga la mtambo lililo mbele yake. Tena hutaga yai moja tu kwa msimu, hivyo kila kifo ni pigo zito. Waangalizi hushika zamu mchana, na ndege akikaribia, mtambo husimamishwa. Mradi pia husaidia kupambana na sumu inayotegewa fisi na simba, ambayo barani Afrika huua tumbusi wengi zaidi.