Chaza Mbichi na Presha Iliyongoja Miaka 100

Nikikuambia kuna chaza anauzwa mbichi kabisa, hajaguswa na moto, lakini bakteria wa kuua mtu ndani yake washamalizwa, utasema hizo ni stori za jaba. Zi. Hii ni historia, na ndani yake kuna vifo ambavyo vingezuilika.

Tuanze kitambo. Mwaka wa 1899, mkemia mmoja wa West Virginia, Marekani, anaitwa Bert Hite, alikuwa anapambana na shida ambayo hata shosho yako anaijua: maziwa yanaharibika haraka. Ukiyachemsha, ladha inabadilika. Sasa akajiuliza, je, nikiyafinya? Akayatia kwenye mtambo wa presha kubwa ajabu, na kweli yakakaa siku kadhaa zaidi kabla ya kuchacha. Kumbe bakteria hawawezi kufinywa wakabaki salama!

Shida ikawa vyuma. Mitambo ya wakati huo ilikuwa inavuja na kupasuka. Mwaka wa 1914, mwanafizikia Percy Bridgman akaonyesha kwamba ute wa yai ukifinywa vya kutosha unaganda bila moto. Kazi yake ya presha ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1946, lakini kwa sahani za watu hakuna kilichobadilika. Ilibidi dunia ingoje hadi 1990, Wajapani walipoanza kuuza jemu iliyohifadhiwa kwa presha.

Halafu ikafika zamu ya chaza. Kwa watu wa Louisiana, kando ya Ghuba ya Meksiko, chaza mbichi ni kama venye nyama choma iko kwetu. Unafungua gamba, unaminyia ndimu, unaweka pilipili, unameza. Noma ni kwamba maji ya Ghuba yakipata joto, bakteria anayeitwa Vibrio vulnificus huzaana sana, na chaza, ambaye hula kwa kuchuja maji, humkusanya mwilini. Huwezi kumwona, kumnusa wala kumwonja. Ndimu haimuui, pilipili pia haimuui. Wengi wenye afya hawaumwi sana, lakini mtu mwenye ugonjwa wa ini anaweza kufa ndani ya siku chache.

Mwaka wa 1999, miaka 100 baada ya Hite, kampuni ya Motivatit Seafoods ya mji wa Houma, Louisiana, ikaanza kuuza chaza waliopitishwa kwa presha. Chaza wanawekwa ndani ya silinda nene ya chuma iliyojaa maji, halafu presha inapandishwa hadi kama megapaskali 250 au zaidi. Kule chini kabisa baharini, karibu kilomita 11 kwenda chini, presha haifiki hata nusu ya hiyo! Gamba halivunjiki kwa sababu linasukumwa sawasawa kutoka pande zote. Baada ya dakika chache bakteria huyo amekwisha. Hata msuli unaofunga gamba unaachia, mpaka inabidi chaza afungwe ukanda ndio asifunguke kabla ya kufika mezani. Bado anahitaji kukaa kwa baridi, kwa sababu presha hiyo haimalizi kila kidudu, na virusi vingine ni vigumu zaidi kuua.

Hapo ungedhani stori imeisha. Wapi! Mwaka wa 2003, California ilikataza chaza mbichi wa Ghuba waliovuliwa kati ya Aprili na Oktoba, isipokuwa wamepitishwa kwa presha au njia nyingine ya kumwondoa huyo bakteria. Vifo vya California viliporomoka karibu kufika sufuri. Mwaka wa 2009, FDA, shirika la serikali kuu linalosimamia chakula na dawa, likasema linataka kufanya hivyo nchi nzima, kwa sababu takriban watu 15 walikuwa wanakufa kila mwaka. Wavuvi wakawaka, wanasiasa wa kwao wakawaka zaidi. Wiki chache tu, FDA ikarudi nyuma.

Sitaki kuwachora wavuvi kama watu wabaya. Mashine hizo ni doo refu, na familia yenye boti moja haiwezi kuinunua. Wengine walisema chaza aliyefinywa amekufa tayari, ladha si ile. Wengine wakasema kila mtu ajichagulie, hatari inajulikana.

Hiyo ya mwisho ndiyo inanikwaza. Utachaguaje kama hujui ini lako liko na shida? Wengi hugundua ugonjwa wa ini wakiwa wamechelewa. Onyo lililoandikwa chini ya menyu halimsaidii mtu anayedhani halimhusu.

Kwangu, serikali ingesaidia kununua mashine za pamoja pale bandarini, ndio mvuvi mdogo asifinywe pamoja na chaza wake. California ilishaonyesha kwamba inawezekana. Wazo la Hite lilingoja vyuma miaka 100, na hilo naelewa, teknolojia haikuwepo. Lakini kutoka 1999 vyuma vipo. Mtu akizikwa leo kwa sababu ya chaza, tusiseme sayansi ilichelewa.