Rubani Aliyewekwa Mezani

Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, Ernst Udet aliangusha ndege 62 za adui, na miongoni mwa marubani wa Ujerumani hapana aliyempita ila Manfred von Richthofen aliyetimiza 80. Lakini Udet, mzaliwa wa Frankfurt aliyekulia Munich, alitoka vitani kijana wa miaka 22, shingoni ana nishani kuu ya dola ya Prussia, na mkononi hana kazi.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1917 alipambana angani na Mfaransa Georges Guynemer, bunduki yake ikakwama, na Guynemer alipotambua kuwa hasimu wake hana silaha akampungia mkono, akaenda zake. Wako wasiosadiki kisa hiki; mimi nakisadiki, kwa kuwa mtu mpenda sifa kama Udet asingalibuni hadithi ambayo ndani yake yeye ndiye aliyesamehewa.

Baada ya vita, Mkataba wa Versailles ulipoinyima Ujerumani jeshi la anga, riziki yake ikawa katika tamasha: aliruka chini chini, ubavu umelala, akaokota leso ardhini kwa ncha ya bawa, na umati ukashika vichwa. Akaingia pia katika sinema pamoja na mwigizaji Leni Riefenstahl, akirusha ndege baina ya vilele vya theluji vya Alpi. Na mnamo 1930 na 1931 alifika hata Tanganyika kupiga picha za wanyama kutoka angani, safari aliyoisimulia baadaye kwa kisa cha simba aliyeirukia ndege iliyopita karibu mno na nyasi.

Mwaka 1933 alijiunga na chama cha Hitler. Marafiki zake walisema hakuwa mtu wa siasa, udhuru ambao kwangu hauna uzito. Huko Marekani alikuwa amestaajabia ndege za Curtiss zilizoporomoka wima juu ya shabaha, na Hermann Göring, aliyepata kuwa kamanda wake vitani na sasa waziri wa anga wa Hitler, akampatia mbili. Kisha mwaka 1936 akamkabidhi idara ya ufundi wa jeshi la anga, akamfunga kwenye meza ya majalada, mafundi na hesabu za viwanda, mambo ambayo Udet hakuyajua wala hakuyapenda. Kwa ashiki yake ya mporomoko, hata ndege kubwa za mabomu zikatakiwa kuporomoka, zikazidi uzito na kuchelewa.

Uingereza iliposhindikana kuvunjwa kwa anga mwaka 1940, lawama zilimwelemea, naye akazama katika ulevi. Tarehe 17 Novemba 1941 alijipiga risasi nyumbani kwake Berlin. Serikali ilitangaza kwamba ameuawa akijaribu silaha mpya, ikamzika kwa taadhima kubwa. Werner Mölders, rubani mashuhuri wa kizazi kilichofuata, aliitwa kutoka Krimu kuhudhuria maziko hayo. Ndege iliyomchukua ilianguka Breslau, akafa, akazikwa katika makaburi yale yale.