Leseni ya Kipofu na Akiba ya Uzeeni

Wazee na wanachama, yafaa ikumbukwe ya kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ulipoundwa mwaka 1965, ulimkusudia mtu mwenye tajiri: mfanyakazi hukatwa mshahara, naye tajiri huongeza kiasi chake. Kipofu auzaye njugu Kibera au Kawangware hana tajiri. Leseni ya Baraza la Jiji ilikuwa ruhusa ya kuuza, wala si ajira; basi hakuandikwa. (Huko Marekani, sheria ya 1936 ya vibanda vya vipofu ilirekebishwa mwaka 1974, akiba ya uzeeni ikaruhusiwa humo.) Sheria yetu ya 2013 yamruhusu kuchanga kwa hiari, lakini ni nani atakayemwongezea? Tangu 2018 serikali huwapa wazee wasio na pensheni shilingi 2,000 kwa mwezi, wakiisha kutimiza miaka 70. Mwenye mshahara huchukua akiba yake akiwa na 60. Kipofu wetu hungoja miaka 10 zaidi, kapu la njugu mapajani.