Barabara ya Ziwani

Ndugu zetu wa Musoma, Bunda na Butiama,

Kila tukikutana hapa Dar es Salaam, ajenda ya ufukwe wa Musoma huchukua kikao kizima. Wapo wanaotaka hoteli na kumbi zijengwe kati ya barabara na ziwa, vijana wapate ajira na mji upate mapato. Wengine wanasema upande ule ubaki mawe na maji, kama tulivyoukuta. Sisi tuko na hawa wa pili, na si kwa kupenda mandhari tu.

Zamani safari za kwetu ziliishia majini. Mtu wa Bunda au Butiama aliyetaka kuvuka ziwa alikuja Musoma kungoja meli, na meli za Reli na Bandari za Afrika Mashariki zilitia nanga pale, MV Victoria ikiwemo baada ya kuanza kazi mwaka 1961. Kambarage naye alitoka Butiama mwaka 1934, akiwa na miaka 12, kuja kuanza shule Mwisenge, mwendo wa maili 26. Leo wageni wengi wa Butiama hupindia Makutano na kuondoka bila kuliona ziwa. Mwigobero, hata hivyo, bado kuna dagaa, mitumbwi na watu wa Kinesi.

Sasa ziwa lenyewe. Mvua kubwa za mwaka 1961, zile wazee wanaita mvua za Uhuru, zililipandisha kwa zaidi ya mita 2, na kilele cha 1964 kilikaa miaka 56 bila kupitwa. Mwaka 2006 maji yalishuka sana, watu wakalima na kujenga yalipokauka. Mei 2020 yakarudi na kuvunja rekodi ya 1964; kuzunguka ziwa lote yaliingia majumbani na kwenye mialo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Swali letu ni dogo: mita 60 kutoka maji ya mwaka gani? Ukipimia ya 2006, kiwanja kinapatikana. Ukipimia ya 2020, hakipo.

Sisi wahasibu tunajua mapato ya kiwanja huandikwa mara moja, mwaka wa mauzo. Gharama ya kuta na barabara iliyoliwa na maji hurudi kwenye vitabu vya halmashauri kila ziwa likipanda, na mnunuzi wa kwanza huenda ameshauza zamani.

Wenzetu wa Zanzibar walichelewa. Mji Mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ilipoanza kujengwa hoteli pale Mambo Msiige, UNESCO ilipinga ukubwa wake, lakini hoteli ilifunguliwa mwaka 2015. Zege likishamwagwa, mjadala umekwisha.

Hoteli tunazitaka. Zijengwe upande wa juu wa barabara, mgeni avuke aende majini pamoja na sisi.

Kwa hiyo fungu moja la mchango wa mwaka huu ni la upimaji: kuweka alama za maji ya Mei 2020 kutoka Mwigobero hadi Makoko, kisha ramani ipelekwe halmashauri kabla ya kiwanja kugawiwa. Wazee walioyaona maji ya 1964 tunawaomba waje na mpimaji, wamwonyeshe yalipofika.