Amani nayo husomewa?

Juma hili hapa Ngokolo niliulizwa kama amani nayo husomewa chuoni. Husomewa. Tangu 2021 Chuo Kikuu cha Makerere, kwa ufadhili wa Rotary, hupokea watu waliokwisha kufanya kazi mbalimbali wasomee stashahada ya uzamili ya kujenga amani. Mchanganyiko huo naupenda. Shinyanga yetu imeua vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, eti wachawi. Sungusungu wa miaka ya 1980 walisaka wezi wa ng'ombe, na wengine wakawaandama hata bibi hao. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Hakimu humhukumu muuaji. Lakini muuguzi ajuaye kwamba macho yale yameharibiwa na moshi wa kuni na samadi, nani alimwita kijijini mapema?