Nauli na Mlango wa Basi: Historia Fupi ya Usafiri wa Dar es Salaam



Mtu akitoka Singida kwenda Dar es Salaam husafiri kilomita 700 hivi, na tangu mwaka 2021 mabasi mengi ya mikoani huishia kituo cha Mbezi. Mgeni hudhani amefika. Kumbe kama ndugu anayempokea anakaa Mbagala au Gongo la Mboto, safari iliyo ngumu zaidi bado haijaanza. Safari hiyo ya pili nimeifanya mara nyingi, kwanza nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu pale Mlimani, kisha nikiwa mtumishi wa Serikali, na kwa muda mrefu nimejiuliza jambo moja: kwa nini kila zama za usafiri wa jiji lile zina watu wake wa kuachwa kituoni? Nimepekua historia kidogo, nami naona jibu limo katika nauli.

Kwanza tulitazame jiji lenyewe. Limekaa kama kiganja cha mkono. Barabara nne kubwa, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu (ambayo leo ni Barabara ya Nyerere) na ya Kilwa, zote hukutana katikati, kwa sababu wakoloni waliziweka bandari, ofisi na maduka mahali pamoja, kisha wakawagawa watu kwa rangi zao: Wazungu Oysterbay, Wahindi mjini, Waafrika Kariakoo na Ilala. Aliyetaka kutoka kidole kimoja kwenda kingine ilimbidi apite kiganjani. Barabara ya Mandela na ile ya Sam Nujoma zimepunguza adha hiyo, hazikuiondoa.

Mabasi ya jiji yaliendeshwa na kampuni ya DMT, iliyoanza mwaka 1949. Baada ya Azimio la Arusha kampuni hiyo iliingia mikononi mwa umma, na mwaka 1974 ikagawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, UDA ikabaki na jiji. Nia ilikuwa njema. Nauli iwe ndogo, hata mfanyakazi wa kima cha chini aimudu. Lakini mwaka 1967 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 356,000 hivi. Ilipofika sensa ya 1978 walikuwa 843,000. Mwaka huo huo vita vya Kagera vikaanza, mafuta yakapanda bei duniani, fedha za kigeni zikaadimika. Nauli ile ndogo haikuweza kununua vipuri wala matairi, na mabasi yakaanza kulala karakana. Wazee wa jiji bado wanayakumbuka mabasi ya Ikarus kutoka Hungary, yale marefu yenye kiungo katikati, yaliyoitwa kumbakumba kwa jinsi yalivyozoa watu. Zama hizo aliachwa kila mtu: karani, kuli, muuguzi na mwanafunzi walisubiri pamoja. Usawa wa kungoja nao ni usawa, ingawa si ule tuliouimba.

Mwaka 1983 Serikali ikakubali magari ya watu binafsi yabebe abiria jijini kwa kibali. Nauli yake ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mtaani iliitwa dala. Ndipo likazaliwa jina daladala. Tazameni basi: chombo kizima kimeitwa kwa jina la nauli yake! Kulikuwa na zile pikapu zilizotiwa mabenchi, abiria wakitazamana magoti kwa magoti, zikaitwa chai maharage. Milango ya biashara ilipofunguliwa zaidi zikaja Hiace kuukuu za Kijapani, na ndogo zake tukaziita vipanya.

Hapa yafaa tukae kidogo, maana wengi hulaumu bila kujua daladala inavyoendeshwa. Aghalabu mwenye gari halipi mshahara. Humkabidhi dereva gari asubuhi, na jioni anataka hesabu yake, fedha kamili aliyoipanga, mvua inyeshe au jua liwake. Mafuta ni juu ya dereva na konda. Kinachobaki ndicho chakula cha watoto wao. Kwa hiyo gari haliondoki mpaka lijae, hukimbizana na lenzake, na hukatisha njia pale linapoona abiria wamepungua.

Na mwanafunzi? Yeye kapangiwa nauli ya punguzo. Mwaka 2023 nauli ya mtu mzima kwa safari fupi ilipopandishwa kutoka shilingi 500 hadi 600, ya mwanafunzi ilibaki 200. Maana yake watoto watatu ndio mtu mzima mmoja. Nilipokuwa Mlimani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilizoea kuona kituoni Mwenge asubuhi konda ameziba mlango kwa mkono: "Mwanafunzi mmoja tu!" Nyuma yake kundi la sare, baadhi yao watoto wadogo walioamka kabla ya alfajiri, na huko shuleni fimbo ya wachelewaji inawangoja. Watu walimtukana konda kuwa hana utu. Mimi nasema punguzo lile lilikuwa mchango kwa elimu ya taifa, nao ulikatwa mfukoni mwa kijana asiye na mshahara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madereva na makonda waliunda umoja wao, UWAMADAR, na dai lao kubwa likawa mkataba wa ajira. Laiti wangeupata mapema, naamini mkono ule ungeshuka mlangoni.

Ushahidi wangu ni mwendokasi, ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, katika njia zake pekee. Nauli hulipwa kabla ya kupanda, na dereva ni wa mshahara; hajui wala hajali nani kalipa kiasi gani. Hakuna anayemzuia mtoto. Lakini magari hayakutosha, mengine yakaharibika, na masika Mto Msimbazi ukafurika Jangwani na kukata njia. Ugonjwa wa UDA ukarudi, safari hii bila foleni: mwenye kifua ndiye apandaye, mama mjamzito na mtoto hubaki. Mkoa ule sasa, kwa sensa ya 2022, una watu 5,383,728, zaidi ya mara mbili na nusu ya mkoa wetu.

Kwenu mtakaokwenda huko: tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma, nayo huwashusha abiria kiganjani kabisa, si Mbezi. Kutoka hapo kwenda Mbagala mtazikuta daladala. Kitambulisho cha shule kiwe mkononi kabla hamjafika mlangoni, maana konda wa kule haijui sare yetu.